Uza Pikipiki Ndipo Uolewe

Mama mkwe mtarajiwa aliingia kwenye maabara ya meno saa sita kasorobo, bila kupiga simu, na hakuja peke yake. Alifuatana na wifi yake, yule shangazi mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Wakasimama mlangoni wakitazama rafu zilizojaa taya za plasta, nyuso zimekunjamana kana kwamba wameingizwa makaburini kwa makosa.

Kipanga alikuwa ameinamia meza yake, kisu kidogo mkononi, akichonga nta kwenye meno ya bandia ya mzee mmoja aliyealikwa kwenye mahafali ya mjukuu wake na aliyeapa kwamba picha hapigi akiwa kibogoyo. Hilo la Kipanga halikuwa jina la kupewa na wazazi. Watu wa uwanja wa mbio ndio waliompa, kwa jinsi alivyojikunja juu ya pikipiki yake nyekundu na kuishukia kona kama ndege aliyeona kifaranga. Jina likaganda. Hata baba yake mzazi, siku akijisahau, alimwita hivyo.

"Mama! Shangazi! Karibuni." Aliinuka haraka akifuta mikono kwenye aproni. "Shikamooni."

"Marahaba." Mama alijibu huku jicho lake limeshatua kwenye kiwiko cha Kipanga, pale ngozi mpya ilipokuwa bado inang'aa. "Kidonda kimepona?"

"Kimepona, mama. Ulikuwa mchubuko tu."

"Mchubuko!" Shangazi aligeuka kumtazama wifi yake. "Mtu kaburuzwa kwenye lami mita arobaini na moja, anasema mchubuko."

Mita arobaini na moja. Watu waliokuwa na hesabu hiyo duniani ni wawili: yeye, na mwanamume aliyekwenda siku ile alipoanguka, baada ya kuhakikisha yuko hai, akapima alama ya mkwaruzo kwa futikamba bila kusema neno.

Mama alivuta kiti, akakaa na kuweka mkoba mapajani.

"Nitasema kwa kifupi, maana uko kazini. Kadi zimeshasambazwa, wiki tatu zimebaki. Mimi sina ugomvi na wewe, mwanangu. Una heshima, una kazi ya mikono yako, na mkubwa akizungumza unajua kunyamaza. Lakini mke wa mwanangu haji kwangu amekaa juu ya lile dude, kiuno juu, kidevu kwenye tangi la mafuta, watu wa mtaa wote wamesimama wanaangalia. Uza pikipiki ndipo uolewe. Basi. Nimemaliza."

"Mama, mwanao anakimbiza gari," Kipanga alisema kwa sauti ya chini. "Mwezi uliopita alifika kilomita mia mbili na arobaini kwa saa. Umewahi kumwambia aliuze?"

"Gari lina milango," shangazi alidakia. "Lina paa. Lina mkanda. Lako wewe lina nini? Lina tairi mbili na kiherehere."

"Na yeye ni mwanamume," mama alimalizia. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekueleza kwamba mvua hunyesha kutoka juu.

Swali lililobaki Kipanga aliliogopa, lakini alilitoa.

"Mwanao Injinia anajua kwamba mmekuja?"

Wale wanawake wawili walitazamana. Shangazi alifungua mdomo, mama akamzuia kwa mkono. Alikuwa na mengi mama yule, ila uongo hakuuweza.

"Hizo mita tungezijulia wapi, mwanangu? Ametuambia mwenyewe. Alikuja kwangu Jumapili, akakaa jikoni akalia kama mtoto. Akasema, mama, nenda wewe ukaongee naye. Nikimwambia mimi, nitampoteza."

Walipoondoka, Kipanga alikaa akashika kisu chake na kuendelea kuchonga. Mwenzake wa meza ya pili, Mama Pacha, alisubiri kwa adabu kama dakika mbili, kisha akakohoa.

"Shoga yangu, hayo meno mawili ya mbele umeshayamaliza kabisa. Mzee wa watu atakwenda mahafali kupiga mluzi."

Kipanga alitazama kazi yake. Kweli, nta ilikuwa imekwisha. Akaweka kisu chini, akavua aproni.

"Niombee ruhusa kwa bosi. Nitayaanza upya kesho asubuhi."

"Unakwenda wapi na uso huo?"

"Kuulizia nani ananioa," alisema. "Yeye au mama yake."

*

Njia ya kwenda uwanja wa mbio ilikuwa ya robo saa kwa mtu mwenye haraka. Siku nyingine Kipanga angeifurahia kila mita yake: injini ikinguruma katikati ya magoti, upepo ukimsukuma kifuani, mwili mzima ukiwa ndio usukani. Ukitaka kwenda kushoto unaegemea kushoto, na chombo kinakutii kabla hujamaliza kuwaza. Mchana ule hakuona hata rangi za taa barabarani vizuri. Mara moja lori lilimpigia honi, akajikuta kwenye mstari usio wake, akapunguza mwendo. Si hivi, alijiambia. Mwenye hasira hapandi.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, ni kwenye uwanja huohuo walikokutana yeye na Injinia. Siku hiyo pikipiki na magari yaliruhusiwa kufanya majaribio pamoja, jambo ambalo halikurudiwa tena. Kila walipofika kwenye mnyoofu, ile sehemu isiyo na kona, Kipanga alifungua mafuta na lile gari la bluu likabaki nyuma kama limefungwa kamba. Kila walipofika kwenye kona, gari lilimkuta na kumpita kwa ndani, tairi nne zimeng'ang'ania lami. Mizunguko tisa, mnyoofu wake, kona za mwenzake. Waliposimama, mwanamume mrefu mwenye mikono ya oili alishuka, akavua kofia ngumu, akamwambia, "Dada, nimeutazama mgongo wako nusu saa nzima. Naomba sasa unionyeshe uso." Kipanga alicheka mpaka akasahau kufungua kofia yake. Wakati ule Injinia aliweza kusema kila kitu kinachomjia mdomoni.

Alimkuta kwenye gereji ya pale uwanjani, ameinama ndani ya boneti la lile lile gari la bluu. Milango miwili, fupi kwa kimo, pana nyuma kama chura aliyejiandaa kuruka. Injinia alisikia mngurumo, akanyanyua kichwa akitabasamu. Alipoona jinsi Kipanga alivyoshuka, tabasamu likafa.

"Wamekuja," alisema.

"Wamekuja."

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Mita arobaini na moja, Injinia. Shangazi yako anajua mpaka ile mita moja." Alivua kofia, akaitundika kwenye usukani. "Miezi miwili umenilaza kichwa begani, unaniuliza kiwiko kinaumaje, unanipaka dawa. Kumbe unanipelekea kesi kwa wazee?"

"Sikupeleka kesi. Nilizidiwa."

"Ungezidiwa kwangu! Mimi ndiye unayenioa."

Injinia alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Sawa. Niambie basi, nikuelewe. Ina nini hiyo pikipiki ambacho gari halina? Maana nimekupa nafasi hapa mara ngapi? Gari kama hili nakutengenezea lako, dogo lake, jepesi. Utashinda kona ambazo leo unaziogopa."

"Siziogopi."

"Unaziheshimu basi. Mvua ikinyesha, gari linakwenda. Tairi ikipasuka, una tatu. Ukikosea, una vyuma pande zote vinakupokea. Na pembeni kuna kiti, Kipanga. Mtu anakaa pale, mnasikia mlio mmoja, mnacheka pamoja. Kasi ya gari ni ya watu wawili."

"Na ukikosea kwenye gari unasema gari lilikosea," Kipanga alijibu. "Mimi nikikosea, nimekosea. Ndiyo maana naipenda. Kutwa nzima nachonga meno ya watu, unene wa unywele ukizidi mtu hatafuni. Nikipanda ile pikipiki sina pa kuficha kosa wala wa kumsingizia. Sina dirisha. Naisikia lami ikiwa ya moto, naisikia ikiwa na mchanga, goti linagusa chini, najua niko hai. Wewe umejifungia kwenye vyuma vyako, unaniuliza kwa nini na mimi siingii humo."

"Kwa sababu nilikuona ukianguka!"

Alipaza sauti. Kwenye gereji ya jirani mtu alizima mashine ya kupigia rangi ili asikie vizuri.

"Nilikuwa nimesimama pale kwenye kona ya nne," Injinia aliendelea, sasa kwa sauti iliyokwaruza. "Nikaona pikipiki inakwenda huku, wewe unakwenda kule. Ukaviringika. Ukasimama unacheka, unanipungia mkono! Siku tatu sikuweza kufunga nati. Nashika spana, naiona lami."

Hilo la siku tatu Kipanga alikuwa hajalisikia.

"Niweke kwenye gari lako," alisema.

"Nini?"

"Umesema kuna kiti. Uwanja leo hauna mtu. Nipeleke kwa kasi yako ya kweli, si ile ya kunionea huruma."

*

Mzunguko wa kwanza alijikaza. Wa pili, Injinia alisahau kwamba kuna mtu pembeni, akawa dereva tu, macho mbele, mkono wa gia ukicheza. Gari lilimbana Kipanga kwenye kiti, likamtupa ubavuni, likamvuta mbele hadi mkanda ukamkata bega. Mnyoofu ulipofika, alitaka kukiri kwamba ulikuwa mtamu. Lakini mwisho wa mnyoofu ulikuwa unakuja, ukuta wa matairi unakua, na Injinia hakukanyaga breki. Kipanga alikanyaga. Mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu tupu kwa nguvu zote, mara moja, mara mbili. Mikono ilitafuta kitu cha kushika, ikakosa. Yeye aliyekwenda kwa kasi kuliko hiyo peke yake, bila paa wala mlango, alihisi kijasho chembamba kikimtiririka mgongoni.

Injinia alifunga breki mahali hasa alipopaswa kufunga, gari likaingia kwenye kona limetulia kama limewekwa kwenye reli.

"Simama," Kipanga alisema.

"Bado kona mbili..."

"Simama!"

Gari lilisimama pembeni, kwenye nyasi. Injini ilikuwa inapoa ikitoa milio midogomidogo.

"Najua kwamba unajua kuendesha," Kipanga alisema polepole. "Sijawahi kuwa na wasiwasi nawe hata siku moja. Lakini hapa nimekaa, sina usukani, sina breki, sina kitu." Akamgeukia. "Hivi ndivyo unavyojisikia ukiniangalia?"

"Hivyo hivyo." Injinia alikuwa anatazama mbele, macho yamejaa. "Ila mimi siwezi kusema simama."

Kipanga alitaka kumshika. Mkono uliinuka kabisa, ukafika nusu ya njia. Kisha akakumbuka mkoba mapajani mwa mama, na lile neno, *nimemaliza*, akaurudisha.

"Ungenikalisha hapa siku ile ile ukaniambia hivyo," alisema. "Ningekasirika. Ningelia. Kesho yake tungepanga. Wewe ukaenda kulia jikoni kwa mama yako, ukamtuma aje kunivunja yeye ili wewe ubaki mzuri. Uliogopa nini, Injinia? Nianguke, au nikukatae?"

Injinia aliondoa mikono kwenye usukani.

"Vyote," alisema. Kisha, kwa kuwa alimpenda, akasema na kweli iliyobaki. "Zaidi hilo la pili."

"Basi nisikilize. Kufunga ndoa nataka. Nawe, wala sina mwingine. Lakini siwezi kuishi na mtu ambaye kila zito litanijia kwa mdomo wa mama na shangazi. Leo pikipiki. Kesho kazi. Keshokutwa jina la mtoto. Ukitaka niuze, niambie wewe, unitazame machoni, nami nitakujibu. Na mama yako aambiwe na wewe kwamba yale maneno yalikuwa ya nani. Usipoweza, kadi tutazikusanya moja moja, mimi nitasaidia kubeba."

Injinia alifungua mkanda. Alitembea hatua chache kwenye nyasi, akasimama ameweka mikono kichwani. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa umekata shauri.

"Twende kwa mama. Sasa hivi. Unipakie."

"Kwenye pikipiki? Wewe?"

"Nikiendesha mwenyewe, nikifika pale kwenye makutano nitakata kushoto, nitakwenda kujificha kwa rafiki. Najijua. Nipakie, nisiwe na usukani."

*

Injinia alimshika Kipanga kiunoni kama mtu anayezama. Kona ya kwanza, Kipanga alipoinama kulia, Injinia aliegemea kushoto kwa woga, na pikipiki ikawa nzito, ikabisha. Kipanga aliinyoosha, akapunguza mwendo, akasimama kando ya barabara.

"Ukipigana nami tutaanguka wote," alimwambia juu ya bega. "Tazama bega langu la upande tunaokata. Usifanye lolote jingine."

"Nitajaribu."

"Hakuna kujaribu. Tazama bega."

Kona ya pili alikuwa mgumu kama gogo. Ya tatu Kipanga alihisi ule uzito nyuma yake ukishuka pamoja naye, kwa wakati mmoja, na kifua cha Injinia kikitoa pumzi ndefu mgongoni mwake. Hakusema kitu. Machozi yalimlenga ndani ya kofia, mahali ambapo huwezi kuyafuta, akaendelea kuendesha hivyo hivyo, mwendo wa mtu aliyebeba mayai.

Mama alikuwa uani anaanua shuka. Alisikia mlio, akageuka na shuka mkononi, akamwona mwanawe anashuka kwenye siti ya nyuma ya lile dude, anayumba kidogo, anavua kofia.

"Umempakia mwanangu," alimwambia Kipanga. Sauti haikuwa juu.

"Nimeomba mwenyewe, mama," Injinia alisema. "Shikamoo."

Mama hakuitikia.

"Mama, nilikuja hapa Jumapili nikakutwisha mzigo wangu. Ukaubeba mpaka kazini kwake kama wako. Nimekukosea, na yeye nimemkosea zaidi. Maneno yale yalikuwa ya kusema mimi, na sikuwa na ubavu."

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye mbaya."

"Hapana. Mbaya ni mimi."

"Usinipake mafuta." Mama alikunja shuka mara moja, mara mbili, ikakataa kunyooka. "Ulilia pale, kwenye kile kiti. Umeacha kuogopa leo?"

"Sijaacha. Nitaogopa kila akitoka. Lakini simwoi ili niache kuogopa, mama. Namwoa kwa sababu nampenda, na hivi ndivyo alivyo. Pikipiki ni yake. Kuuza au kutouza ni juu yake. Sitamwambia aiuze, na naomba na wewe usimwambie tena."

Kipanga alisimama pale kando ya pikipiki, kofia kifuani. Alikuwa amejiandaa kumtetea, kumalizia sentensi zake, hata kumvuta mkono waondoke akishikwa na kigugumizi. Hakukuwa na haja.

Mama alimgeukia.

"Na wewe? Utaendelea nayo?"

Ingekuwa rahisi kudanganya. Neno moja laini, na shuka ingenyooka, na wiki tatu zingepita.

"Nitaendelea, mama. Barabarani nitakwenda kama hivi tulivyokuja. Uwanjani nitakimbia. Siku nikijiona mikono haiko sawa, nitaacha mwenyewe bila kuambiwa. Hiyo naweza kukuahidi. Nyingine siwezi."

Mama aliwatazama, mmoja kisha mwingine.

"Haya," alisema. "Mmekuwa wakubwa. Harusi fungeni. Ila mimi kule mbele msiniwekee kiti. Sitakaa pale watu wananipa pongezi huku moyoni naona jeneza."

Akabeba shuka zake, akaingia ndani. Mlango hakuubamiza. Aliusindika taratibu mpaka ukagusa fremu, na hilo liliuma kuliko kama angeubamiza.

Walibaki uani. Injinia alikuwa anautazama ule mlango. Katika maisha yake yote, Kipanga alijua, mlango ule haujawahi kufungwa yeye akiwa nje.

"Unajuta?" alimuuliza.

Injinia alijifuta uso kwa kiganja, akabakisha alama nyeusi ya oili kutoka shavuni hadi sikioni.

"Inauma," alisema. "Lakini sijuti. Nitarudi kesho, na keshokutwa, mpaka aitikie shikamoo yangu. Ila sasa hivi nipeleke kwa baba yako. Shangazi atakuwa ameshashika simu, na mimi nataka mzee aisikie habari hii kwangu kwanza."

"Baba ni mkali kuliko mama yako mara mbili."

"Najua." Alivaa kofia, vidole vikababaika kwenye ufungo wa kidevuni. Kipanga alimsogelea, akamfunga yeye mwenyewe, akaukaza, na ule mkono uliorudi nusu ya njia kule kwenye nyasi safari hii ukafika. Ukakaa pale shavuni, juu ya ile oili.

"Panda," alimwambia.